Nimeiosha Kompyuta Iliyokuwa Mdomo wa Baba Yangu

Mpendwa Mama Zilpah,

Naomba unisome mpaka mwisho hata kama barua ni ndefu, kwa sababu hapa Garissa sina mtu mwingine wa kumweleza jambo hili asinicheke au asiniambie ni kompyuta tu, utanunua nyingine. Jina langu lifiche, niite Idman. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, niliachika, sina mtoto, nafanya kazi ofisini hapa mjini, na naishi na baba yangu, Mzee Kerrow, ambaye kwa Kisomali namwita Aabo, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe mama yangu akiwa bado hai.

Aabo alikuwa mkalimani wa mahakama. Mfugaji anasimama kizimbani anasema kwa Kisomali, Aabo anamgeuzia hakimu kwa Kiswahili, hakimu anasema, Aabo anarudisha, na sifa yake ilikuwa kwamba hapunguzi neno wala haongezi, hata likiwa tusi la kumtusi hakimu mwenyewe. Aliifanya kazi hiyo mpaka akastaafu, na hata baada ya kustaafu watu walikuwa wanamfuata nyumbani awasomee barua za serikali.

Mwaka jana baada ya Idi akaanguka akitawadha. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia ukafa, na ulimi ukagoma. Daktari alituambia akili yake haijaguswa, anaelewa kila kitu, ila misuli ya mdomo na koo haimtii tena, na sauti moja tu ndiyo inayomtoka, kama "haa", ambayo kwa Kisomali ni ndiyo, kwa hiyo baba yangu akawa mtu wa kusema ndiyo kwa kila jambo, unamuuliza unaumwa, haa, huumwi, haa, nikufunike, haa, nikufunue, haa, na machozi ya hasira yanamshuka kwa sababu mtu aliyeishi kwa kusema maneno ya watu sawasawa hawezi sasa kusema hapana yake mwenyewe.

Nikamletea laptopu yangu niliyosomea chuoni. Kalamu alikuwa ameshaijaribu, mkono wa kushoto unatetemeka, inatoka michoro kama nyayo za kuku. Simu nayo herufi zake ni ndogo, kidole chake kinagusa tatu kwa pamoja. Lakini kwenye kibodi ya laptopu, herufi nimezikuza kwenye skrini, aliweza. Kidole kimoja cha kushoto, polepole, neno baada ya neno. Na hapa kuna jambo ambalo watu hawalijui, Mama Zilpah, Kisomali tumekisema nyumbani maisha yetu yote lakini Aabo hakufundishwa kukiandika, shule aliyosoma iliandika Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo baba huyu aliyenibembeleza kwa Kisomali akaanza kuniambia haja zake kwa Kiswahili cha mahakamani. Siku ya kwanza aliandika: "Mheshimiwa, shahidi anaomba chai." Nikacheka mpaka nikalia. Mimi namjibu kwa Kisomali kwa mdomo, yeye kwa Kiswahili kwa kidole, na hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi.

Shida ni kwamba hakuiacha hata wakati wa kula. Chai ya maziwa ya ngamia yenye sukari tele, anjera yenye samli, vyote juu ya vitufe, na huu upepo wetu wa vumbi unaoingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Skrini ikajaa mafuta ya vidole kwa sababu alipotaka nisome neno fulani aliligusa. Vitufe vikaanza kunata. Kilichonata kuliko vyote ni herufi A, na Kiswahili bila A ni kitu gani, mtu anaandika nataka maji, inatoka "ntk mji", namletea kitu kingine, anapiga meza kwa kiganja. Nilijua inahitaji kusafishwa. Kila wiki nilisema Jumapili nitaisafisha, Jumapili ikifika nafua nguo zake, nalala.

Sasa sikiliza. Aabo ana dada yake mkubwa, eeddo Safiyo, yaani shangazi yangu, aliyekuwa akikaa Ijara na mifugo ya familia. Yeye ndiye aliyemlea Aabo mama yao alipofariki. Mvua zilipoanza tukasikia eeddo anaumwa, na Aabo akawa kila asubuhi ananiandikia nimpeleke Ijara. Na mimi kila asubuhi nilikuwa na jibu, barabara imekatika, gari halina nafasi ya mtu asiyeweza kukaa wima, kazini hawajanipa ruhusa, ngoja mwisho wa mwezi. Mengine yalikuwa kweli. Mengine nilikuwa nimechoka tu.

Asubuhi moja akaandika: "Shahidi huyu anasema kesho kila siku. Mahakama imechoka." Najua nusu ilikuwa utani. Lakini nilikuwa nimeshamwosha, nimembadilisha, nimemlisha, nimechelewa kazini, kiatu kimoja hakionekani, na mdomo wangu huu mzima usio na ugonjwa wowote ukasema, "Mimi si shahidi, Aabo. Mimi ndiye mfungwa."

Alinitazama. Halafu akaanza kuandika. Alikuwa akiandika kwa haraka kuliko kawaida yake, herufi zinapandana, na nikaona zinaendelea mstari wa pili, wa tatu, nikashika mkoba wangu nikatoka bila kusoma. Mama mmoja jirani huja kumtazama nikiwa kazini, nikampisha mlangoni wala sikumsalimia.

Kutwa nzima kazini sikufanya kitu. Alasiri nikarudi, nikamkuta Aabo amelala kitini, jirani ameshaondoka, laptopu iko mezani imeunganishwa na chaja, skrini imejizima kama inavyofanya ikiachwa. Ningeweza kubonyeza kitufe kimoja tu nikasoma alichoniandikia. Niliogopa. Nikajiambia ngoja niisafishe kwanza, akiamka aikute inang'aa, ajue naomba msamaha, halafu ndiyo nisome nikiwa nimeshafanya jambo jema.

Nikaisafisha kama ninavyosafisha jiko. Nilichanganya maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kwenye bakuli, nikachukua sponji, nikasugua vitufe. Chai iliyokuwa imeganda ilitoka, maji yakawa meusi, nikafurahi, nikaongeza maji. Ile A ilikataa, nikaichokonoa kwa ncha ya kisu mpaka ikaruka, nikamimina spiriti ya vidonda mle shimoni. Kisha nikachukua dawa ya kusafishia vioo vya madirisha, nikaipulizia skrini moja kwa moja, nyingi, ikachuruzika mpaka kwenye ukingo wa chini, nikafuta kwa tishu. Na muda wote huo, Mama Zilpah, chaja ilikuwa ukutani.

Skrini iliwaka yenyewe mara moja. Niliona maandishi yake. Naapa niliyaona, lakini yalikuwa yanatetemeka, na doa jeusi likapanda kutoka chini kama wino kwenye maji, kisha mistari, kisha giza, na harufu ya kitu kinachoungua.

Nilichofanya baada ya hapo nadhani ndicho kibaya zaidi. Nilibonyeza kitufe cha kuwasha tena na tena na tena. Nikaipeleka nje kwenye jua, na jua letu unalijua. Nikaona linachelewa, nikairudisha ndani, nikaiwashia mashine ya kukaushia nywele kwa moto mkali kabisa, na kelele ya mashine ndiyo iliyomwamsha Aabo. Akanyoosha kidole kwenye laptopu yake. Nikamwambia stima imepotea, haiwezi kuwaka. Feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyetu. Aliinua macho akaitazama feni, kisha akanitazama mimi.

Akiwa bado ananitazama nikaizika laptopu ndani ya ndoo ya mchele, kwa sababu nilisikia watu hufanya hivyo na simu. Kesho yake nikampelekea fundi, kijana anaitwa Dancan, akaifungua, punje za mchele zikamwagika juu ya meza yake. "Dada, hii uliiosha ama uliipika?" akaniuliza. Hakuwa ananicheka. Alinionyesha ndani, bodi ya kijani imekuwa nyeusi. "Bodi imeungua, na skrini imeingiwa na maji katikati. Diski nitajaribu kukutolea." Alijaribu, akanitolea picha zangu na vitabu vyangu vya chuo, vyote vizima. Lakini alichoandika Aabo asubuhi ile hakikuwemo, kwa sababu yeye huandika tu kwenye ukurasa, hahifadhi, mimi ndiye niliyekuwa nikiufunga kila jioni.

Tangu siku hiyo Aabo amegeukia ukuta. Nikimpa simu aandike anaisukuma. Nikimlisha anakula vijiko vichache, kisha anafumba mdomo. Hata "haa" haisemi tena. Anaamini nilifanya makusudi, na ningekuwa mimi pia ningeamini hivyo, asubuhi binti anamwambia baba amemfunga jela, jioni mdomo wa baba umeungua na binti anadanganya kuhusu stima.

Na bado sijafika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Eeddo Safiyo amefariki. Inna lillahi. Alizikwa Ijara siku hiyohiyo kama ilivyo kwetu, na mimi nilipata habari kwa kaka yangu Abdirahim, anayefanya biashara Mandera, alinipigia simu nikiwa jikoni.

"Umemwambia Aabo?" akauliza.

"Bado."

"Basi usimwambie, walaal, dada yangu. Mtu asiyeweza kusema ukimpa msiba utamuua. Ngoja nimtafutie laptopu huku, nikutumie, akishaizoea ndiyo umwambie."

"Abdirahim, itafika lini?"

"Nikipata gari la mtu ninayemwamini."

Kwa hiyo nimenyamaza. Wanawake wa mtaa wanakuja kutoa pole, nawapokea nje ya geti, nawaomba wasiinue sauti, wanasoma dua tumesimama vumbini, wanaondoka. Naingia ndani nikiwa nimenawa uso. Baba yangu amegeukia ukuta lakini anasikia viatu. Viatu vingi vinakuja mpaka getini, vinasimama, vinaondoka.

Nifanye nini? Nimwambie sasa, wakati hana hata herufi moja ya kunijibu nayo, au ningoje kama kaka anavyosema? Je, ile laptopu kuna fundi yeyote duniani anayeweza kuifufua? Na hiyo mpya ikija, niiguse vipi? Naogopa hata kuipangusa vumbi. Sina hamu ya kula, sina hamu ya kuongea na mtu, kila nikimfuta Aabo mate natamani ulimi uliokufa ungekuwa huu wangu. Nisaidie.

Idman, Garissa.


Idman,

Barua yako sikuiweka kwenye foleni pamoja na zingine. Nilikupigia kwa namba uliyoniachia siku ileile niliyoifungua, na hapa naandika yale niliyokuambia na yaliyotokea, kwa idhini yako, kwa sababu najua wako wengi wanaosoma ukurasa huu wakiwa na kompyuta iliyomwagikiwa chai na mzee aliyelala chumbani.

Pole kwa shangazi yako. Pole kwa uchovu pia, maana huo nimeuona katika kila mstari. Sasa niruhusu nikugombeze.

Tuanze na kompyuta, maana hiyo ndiyo ndogo. Imekufa. Acha kumsumbua Dancan, acha kuitafutia fundi wa Nairobi, hakuna anayerudisha bodi iliyopigwa stima ikiwa imelowa sabuni. Niliuliza watu wawili wanaozifahamu mashine hizi na wote walinijibu kabla sijamaliza kueleza. Kwa usafi wenyewe ingeweza kupona. Kilichoiua ni chaja. Mashine yenye umeme ndani hailoweshwi, basi. Na baada ya pale, kila ulichofanya kilikuwa kuiua tena: kile kitufe ulichokibonyeza kilipeleka umeme kwenye maji, jua na ile mashine ya nywele vilipinda plastiki na kusukuma unyevu ndani zaidi, na mchele haunyonyi kitu, unaacha unga na punje. Siku nyingine maji yakiingia, chomoa chaja papo hapo, shikilia kitufe cha kuwasha mpaka izime kabisa, toa betri kama ni ya kutoka, igeuze kifudifudi juu ya taulo ikiwa imefunguliwa kama paa la nyumba, iache kivulini penye upepo, na usiiwashe kuangalia kama imepona. Mpelekee fundi ikiwa bado imezimwa.

Hiyo mpya ikija utaigusa, hutaiogopa. Izime, si kuifunika tu, uizime. Chomoa kila waya, ingoje ipoe. Igeuze juu chini uigongegonge mgongoni taratibu kama mtoto aliyekunywa maziwa, makombo yatashuka. Kisha brashi laini, ya rangi au ya vipodozi, mpya, upitishe katikati ya vitufe ukisukumia vumbi nje. Usipulize kwa mdomo, unatia mate. Kwa samli na sukari, nenda duka la dawa uulize alkoholi ya isopropili, si ile spiriti ya rangi ya vidonda. Tia kidogo kwenye kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kikamue hadi ukikibinya hakitoi tone, ufute kitufe kimoja kimoja pamoja na kingo zake. Tone lisishuke chini, hata moja. Kitufe kikizidi kunata mwachie fundi, kisu kirudi jikoni.

Skrini ni ngozi, Idman, si dirisha. Ile dawa ya madirisha ina kemikali zinazobambua utando wake, na tishu unayodhani ni laini inaukwaruza. Chukua kitambaa kama cha kufutia miwani, kikavu, ufute kwa mkono mwepesi bila kukandamiza. Mafuta yakibaki, maji safi kidogo ya chupa, uyatie kwenye kitambaa na si kwenye skrini, kwa sababu kikichuruzika chochote kinaingia ukingoni na kupanda ndani, kama ulivyoona. Kila kitu kikauke kabisa ndipo uwashe. Fanya hivyo kila wiki na itachukua muda mfupi kuliko kupika chai. Na mtafutie baba yako kibodi ya nje, ile ya waya ya kuchomeka pembeni. Chai akiimwagia hiyo, unabadilisha hiyo peke yake, laptopu yenyewe imekaa mbali na sahani.

Hayo ndiyo ya kompyuta.

Nilipokupigia nilikuuliza, "Yuko wapi sasa?"

Ukasema, "Chumbani. Amegeukia ukuta."

"Anajua?"

"Hajui, Mama."

"Idman, umeniandikia mwenyewe kwamba anasikia viatu. Huyu ni mtu aliyesimama kando ya watu wakidanganya mahakamani maisha yake yote. Unafikiri hajui viatu vinavyosimama getini vimefuata nini? Anajua kuna aliyekufa. Asilolijua ni nani, na kwa nini binti yake anamficha. Sasa hivi huenda anadhani ni kaka yako."

Ukalia. Nikakuacha ulie.

Kaka yako hana nia mbaya. Yuko Mandera, hamwoni, na ameona ni rahisi kutuma kitu kuliko kuja. Lakini amekosea. Mzee hakuambiwa alipokuwa mzima kwamba asisikie habari za nyumba yake, na kupooza ulimi hakukumfanya mtoto. Alikuomba kila siku apelekwe kwa dada yake. Hilo limepita, halirudi, na sitakudanganya kwamba halina uzito. Utaubeba. Lakini kumficha na msiba wenyewe ni kumnyima mara mbili.

Na lile la kwamba hana herufi ya kujibu nayo, hapo nilikukasirikia kweli. Mwaka mzima mtu wako ana mdomo mmoja tu, na mdomo wenyewe ni wa umeme, katika mji ambao umeme unajua unavyokwenda na kurudi, na hukufikiria kadibodi? Nilikuambia ukate upande wa boksi lolote lililo jikoni, uchukue kalamu nene, uandike herufi zote kubwa, uziachanishe kidole chake kisiguse mbili, na pembeni uandike Ndiyo, Hapana, Maji, Choo, Naumwa. Ukakata boksi la biskuti nikiwa kwenye simu. Nilisikia mkasi.

Ukaingia. Simu ukaiacha wazi juu ya meza kwa sababu ulisema unaogopa kuwa peke yako. Kisomali changu ni kidogo, pamoja na miaka yote niliyoishi kati ya Wasomali, lakini jina la Safiyo nililisikia. Halafu nikasikia sauti ambayo sitajaribu kuiandika hapa. Nilikuwa na kikombe mkononi, nikakiweka chini.

Baadaye ulinieleza. Ulimwekea kadibodi kifuani. Hakuigusa. Mkalia wote wawili. Kisha kidole kikaenda, herufi kwa herufi: LINI. Ukamwambia siku. Kisha: NANI ALIMWOSHA. Hukujua, ikabidi upige Ijara uulize, wakasema ni mabinti zake wawili. Ukamwambia. Akafumba macho, akayafumbua, akaandika: NIPELEKE.

Ukamweleza pia kuhusu kompyuta, yote, sabuni na kisu na chaja, na ule uongo wa stima. Ukamwambia ya mfungwa hukuyamaanisha. Hakujibu. Kadibodi ilikuwa pale pale kifuani mwake na hakujibu. Ndipo ukaniuliza kama amekusamehe.

Sijui. Nataka nikuambie ndiyo ulale vizuri, lakini sijui, na wewe hujui. Usimdai msamaha katika wiki aliyofiwa. Na alichokuwa akikuandikia asubuhi ile pia usimdai. Kimeondoka na mashine. Huenda kilikuwa ukali, huenda kilikuwa pole, pengine yeye mwenyewe hataki tena kukisema. Ni haki yake. Wewe endelea kumlisha, kumwosha, na kumwekea herufi karibu na mkono wa kushoto.

Uchovu wako nao una dawa, na si kuusema kwa mgonjwa. Mpigie Abdirahim leo. Usimwombe ruhusa, mpe taarifa: Aabo ameambiwa, Aabo anakwenda Ijara, na yeye ashuke kutoka Mandera mkutane huko. Laptopu aje nayo au asije nayo, hiyo baadaye. Kinachohitajika ni mikono yake miwili ya kumbeba baba yenu kutoka garini, na baada ya msiba akae na baba yake Garissa mwezi mzima, amwoshe, ambadilishe, alale kwenye mkeka pembeni yake, wewe upumzike. Akisema biashara, mwambie nimesema mimi.

Barabara ni mbaya lakini magari yanapita, umeniambia mwenyewe umeshampata dereva, maana yake hata ule mwezi uliopita angeweza kupatikana. Sitarudia hilo. Mzee akae mbele, kiti kilazwe, mto chini ya mkono wa kulia usining'inie, na dereva asimame kila mara apumzishwe mgongo. Chukueni maji ya kutosha na shuka za ziada. Tengeneza kadibodi ya pili, uifunge kwa nailoni, maana mvua hazijaisha.

Mkifika, watu watakuja wengi. Watamshika mkono, watamwombea, halafu watageuka wamuulize mtu mwingine: anaendeleaje, anakula, anaelewa tunayosema? Usijibu hata swali moja. Waambie, mwulizeni yeye, kisha uweke kadibodi mapajani mwake ungoje. Upande wa wanaume wewe hutakaa, kwa hiyo huko itashikwa na Abdirahim. Mfundishe kabla hajaingia. Aishike imara isitikisike, asome kila herufi kwa sauti ili waliokaa nyuma wasikie, na wazee wakianza kuchoka kungoja, awaache wachoke. Asimalizie neno lolote ambalo baba yake bado hajalimaliza.

Mama Zilpah